Mikono ya Mombasa: kabla ya jimu kulikuwa na kamba

Swali ninaloulizwa sana na nyinyi wala si la siasa wala la mapenzi. Ni hili: "Nifanye zoezi gani mkono ujae?" Na kila nikijibu, hakosi mtu wa kuja kuniambia ati nawapotosha watu. Wazee wetu wa Mombasa hawakujua dambeli ni nini, walibeba magunia tu, na mikono yao ilikuwa kama shina la mbuyu. Halafu anamalizia: "Enda kabebe gunia, wacha kujipiga picha kwenye kioo."

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya kumi nikajiuliza, kwani ni kweli? Mimi ni mtoto wa kisiwani, napita Bandari ya Kale karibu kila siku, na sikuwahi kukaa chini nikafikiria ile mikono ya zamani ilijengwa na kazi gani hasa. Basi safari hii nimekaa, nikasoma, nikauliza wazee. Jibu fupi ni kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli na nusu ni hadithi. Na ile nusu ya hadithi ndiyo inayotuumiza sisi vijana.

Kwanza msuli wenyewe

Sisi tunasema baisepsi, lakini wazee wa pwani wana neno lao: tafu ya mkono. Tafu hiyo ina vichwa viwili. Vyote vimejishika juu begani, vinateremka, vinaungana, halafu vinajishika kwenye mfupa wa chini ya kiwiko, ule wa upande wa kidole gumba. Kwa sababu ya pale ilipojishika, ina kazi tatu. Inakunja kiwiko. Inageuza kiganja kiangalie juu, kama mtu anayeomba dua. Na inasaidia kidogo kuinua mkono kutoka begani.

Chini ya tafu kuna msuli mwingine umelala, unaitwa brakialisi. Huo hauonekani sana, lakini kazi yake ni kukunja kiwiko tu, na ukinenepa unaisukuma tafu ijitokeze. Wengi wenu mnausahau kabisa.

Ukishaelewa hapo, kila kazi ya zamani unaweza kuipima mwenyewe. Jiulize tu: hii kazi inavuta kitu kije kwa mwenye kuvuta, au inakisukuma kiende? Kama ni kuvuta, tafu ipo kazini. Kama ni kusukuma, kazi ni ya miguu, kifua na nyuma ya mkono. Anayesukuma mkokoteni anatoka jasho kweli, lakini tafu yake iko likizo.

Bandari ya Kale: mikono ya kuvuta

Kwa karne nyingi vyombo vya Mombasa viliingia upande wa mashariki wa kisiwa, pale chini karibu na Ngome. Kaskazi ikianza kuvuma mwisho wa mwaka, majahazi yalishuka kutoka Arabuni, Ghuba na India, yamebeba tende, chumvi, mazulia na vitu vingine. Kusi ikiingia, yanageuza kurudi na boriti za mikoko, nafaka na bidhaa za bara.

Sasa fikiria jahazi lenyewe. Hakuna injini. Kuna tanga, na tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini. Kwenye majahazi makubwa foromali ilikaribia urefu wa chombo chenyewe. Kuipandisha ile kitu ni kamba na mikono ya watu, basi. Mwaka 1938 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait kutoka Aden. Nahodha alikuwa Ali bin Nasr al-Najdi. Wakashuka pwani yetu hii mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji, walikokwenda kutafuta boriti. Villiers akaandika kitabu, Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940, na ndani yake utawaona mabaharia wakining'inia kwenye kamba kundi zima, wakiimba ili wavute kwa pamoja.

Huko ndiko kuvuta kwenyewe. Mkono juu ya mkono, mzigo mzito, mgongo na tafu pamoja, halafu mapumziko mpaka amri nyingine. Nahodha hakuwa akiwahesabia seti, lakini ukiangalia vizuri, zilikuwa seti.

Na ndani ya Mji wa Kale, kabla mabomba hayajafika, maji yalitoka visimani. Ndoo inashuka tupu, inapanda imejaa, kamba inapita mikononi. Waliochota hayo maji wengi walikuwa wanawake na watumwa, na hakuna aliyewachongea sanamu. Lakini kama unatafuta tafu za kweli za Mombasa ya zamani, anzia kisimani na kwenye kamba ya tanga.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya maneno ya yule mtu ni kweli. Kulikuwa na mikono, na hakukuwa na jimu.

Kilindini: hapa hadithi inaanza kuvuja

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulianza hapa Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Mizigo ya bara nzima ikaanza kumiminika kisiwani, na meli za chuma zikawa kubwa mno kwa Bandari ya Kale. Shughuli ikahamia upande wa magharibi, kwenye maji marefu ya Kilindini, na miaka ya 1920 gati za maji marefu zikafunguliwa. Hapo ndipo alipopatikana yule mtu wa magunia mnayemsifu: kuli wa bandarini.

Gunia la kahawa ni kilo 60. La mahindi, kama tulivyolizoea Kenya, ni kilo 90. Lakini hebu jiulize, gunia la kilo 90 unalibeba kwa tafu?

Mtaani kwetu kuna mzee aliyefanya kazi ya ukuli ujana wake wote. Nilimwamkia jioni moja akiwa barazani, nikamletea hilo swali lenu kama lilivyo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Tafu? Mwanangu, gunia halibebwi kwa tafu. Gunia labebwa kwa shingo na magoti."

Akafungua kifungo cha shati akanionyesha mabega. La kulia limeshuka kuliko la kushoto, na huinuki nalo tena. Nikamuuliza, basi ile nguvu mlikuwa mnaitoa wapi, babu? Akanyamaza kidogo.

"Siku tuliyokula tulikuwa na nguvu. Siku ambayo hatukula, tulibeba vilevile."

Mimi niliondoka pale bila hamu ya kutunisha kitu. Manake nimekuwa nikimsikia kuli akitumiwa kama fimbo ya kutuchapia sisi, "mnaona wazee walivyokuwa wanaume", na hakuna anayetaja bega lililoshuka.

Kukunja kulitoka kwenye jukwaa

Kama magunia hayakuwa zoezi la tafu, lile zoezi la kukunja dambeli mbele ya kioo lilitoka wapi? Lilienezwa na watu wa maonyesho Ulaya, na mkubwa wao alikuwa Eugen Sandow, aliyezaliwa mwaka 1867 Königsberg, Prussia ya wakati huo. Alianza kwa kuinua vitu vizito jukwaani, kisha akagundua kwamba watu wanalipa zaidi kuuangalia mwili kuliko kuuona ukiinua kitu. Mwaka 1897 akafungua chuo chake cha mazoezi London. Akauza dambeli, akauza vitabu, akauza mafunzo kwa njia ya posta. Tarehe 14 Septemba 1901 akajaza ukumbi wa Royal Albert Hall kwa mashindano ya miili, na mmoja wa majaji alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes. Kwa kifupi, jamaa alikuwa anafanya kazi yangu mimi, ila bila simu.

Sandow alileta wazo ambalo baharia wa jahazi hakuwa na haja nalo: kuutenga msuli mmoja na kuufanyia kazi peke yake, uonekane. Na msinielewe vibaya, wazo hilo linafanya kazi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse, Marekani, walilinganisha mazoezi 8 ya tafu kwa kupima umeme wa msuli wakati wa kuvuta. Lililoiamsha tafu zaidi ni lile la kukaa, kiwiko ukakiegemeza ndani ya paja, ukakunja mkono mmoja polepole. Nyuma yake likafuata la kukunja kwa waya wa mashine, na kujivuta kwenye chuma viganja vikikutazama. Umeme wa msuli peke yake hauthibitishi kwamba mkono utajaa, lakini unakuonyesha nani yuko kazini na nani analala.

Angalia hiyo orodha tena. Zoezi la kioo liko juu, na kuvuta kwa baharia kuko palepale nyuma yake. Gunia halimo.

Mwaka ambao misuli iligoma

Sasa nije kwenye ile nusu inayotuumiza.

Tafu haikui wakati unavuta. Unapovuta unaipa tu sababu ya kukua. Kukua kwenyewe kunatokea baadaye, ukiwa umelala, ukiwa umekula, mwili ukipata protini ya kujengea. Ondoa chakula na usingizi, na unachobaki nacho ni uchovu na majeraha.

Makuli walipewa nusu ya kwanza kwa wingi na kunyimwa ya pili. Wengi walikuwa vibarua wa siku: unafika asubuhi, meli ikiwepo unaitwa, isipokuwepo unarudi bila kitu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili bei za vitu zilipanda, mishahara haikufuata, na vyumba vya kulala kisiwani vilijaa watu hadi mlangoni. Makuli walikuwa wameshagoma mwaka 1934, na mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa wakagoma tena. Halafu tarehe 13 Januari 1947 kisiwa kizima kikasimama. Watu kama 15,000 waliweka kazi chini, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, mpaka wapishi na watumishi wa majumbani, kwa siku 12. Katika mgomo huo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mwezi Agosti mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikamkamata na kumpeleka uhamishoni Kabarnet.

Walichokuwa wakidai mnakijua: mshahara unaotosha chakula na nyumba. Mimi nikisoma madai hayo leo naona kitu cha mwili kabisa. Watu waliokuwa wakiinua mizigo ya Afrika Mashariki nzima walikuwa wanadai kula na kulala. Mwaka 1955 bandari ikagoma tena, Tom Mboya akaja kuwasaidia kujadiliana wakapata nyongeza, na polepole vibarua wa siku wakaanza kuandikwa kazi ya kudumu.

Kama magunia peke yake yangejenga mwili, wale wangekuwa watu wenye afya kuliko wote Kenya hii. Wasingekuwa na haja ya kugoma.

Baadaye kreni na makontena vikachukua kazi ya mabega. Kontena lilianza safari yake Marekani mwaka 1956, na kuanzia miaka ya 1970 yakaonekana Kilindini. Mzigo uliohitaji kundi la watu siku nzima ukawa unanyanyuliwa na mtu mmoja aliyeketi juu ya mashine. Ajira zikapotea, na hilo lina uchungu wake. Lakini pia ndiyo sababu leo mimi na wewe tunakunja dambeli kwa hiari, saa tunayotaka, na tukichoka tunaweka chini. Hiyo ni nafasi ambayo yule mzee wa barazani hakuipata.

Sasa chagua

Kwa hivyo jibu langu kwenu ni haya mazoezi manne. Yote yanawezekana uani kwenu, bila kulipa jimu.

La kwanza, kujivuta kwenye chuma, viganja vikikutazama. Hii ndiyo kamba ya tanga, ila unachopandisha ni wewe. Huwezi hata moja? Panda juu ya kiti ukiwa tayari umejivuta, halafu shuka polepole kwa sekunde 5. Ukiweza kushuka hivyo mara 8, utaanza kupanda.

La pili, kasia. Chukua mtungi wa maji wa lita 20. Maji ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo ukianza ujaze nusu. Inama kutoka nyongani, mgongo unyooke, vuta mtungi uje tumboni, rudisha polepole. Mgongo ukianza kupinda, acha. Mnakumbuka lile bega.

La tatu, kukunja ukiwa umekaa, kiwiko ndani ya paja. Dambeli, kopo la rangi lililojazwa simiti, mtungi wa lita 5, chochote chenye mshikio mzuri. Shusha mpaka mkono unyooke kabisa. Wengi wenu mnaishia katikati ili mbebe kizito zaidi, na hapo mnajidanganya. Kiganja kiangalie juu, kwa sababu kukigeuza nako ni kazi ya tafu.

La nne, nyundo. Unakunja vilevile lakini kidole gumba kikiwa juu, kama fundi wa mashua anayepigilia msumari. Hili linampa brakialisi haki yake.

Kila zoezi mara 8 hadi 12, na zile mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Kujivuta na kasia seti 3, kukunja seti 3, nyundo seti 2. Fanya mara mbili kwa wiki, ukiacha siku mbili au tatu katikati. Hapo tafu imepata seti 10 za kwake peke yake, mbali na zile za kuvuta. Ikiwa rahisi, ongeza maji kidogo mtungini. Kila siku kukunja mara 200 hakukufanyi mwanamume. Kunakuchosha tu.

Halafu ile nusu ya pili. Mahamri na mbaazi asubuhi, na ujaze mbaazi zaidi kuliko mahamri. Mayai, samaki, maharagwe, maziwa, unavyoweza. Usingizi wa saa 7 au 8. Na hapa lazima niseme ukweli ambao utaniharibia urafiki na wengine. Huwezi kutafuna muguka mpaka alfajiri, njaa imekatika, usingizi umekimbia, halafu saa kumi jioni uje kulalamika dambeli hazifanyi kazi. Makuli wa 1947 waliweka kazi chini wakidai kula na kulala. Wewe umepewa vyote viwili, unavitupa mwenyewe barazani.

Na wanaouza sindano za homoni pembeni pembeni, wakikuahidi mkono kwa mwezi mmoja: hizo sindano zinaweza kuharibu moyo, ini na uzazi. Mkono utajaa, lakini angalia unalipa na nini.

Kwa yule ndugu yangu wa "enda kabebe gunia": nimekusikia, na nimemuuliza aliyebeba. Hakuniambia nibebe. Aliniuliza kama nimekula.

Jambo la mwisho. Kazi ya mizigo haijaisha hapa kisiwani. Kila mabomba yakikauka, utamwona kijana wa rika letu anapandisha mkokoteni wa mitungi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, jua la saa saba. Huyo usimpige video. Akifika kwenye mwinuko, shika mbele umvutie. Na akifika mlangoni kwenu, mlipe palepale, usimwambie arudi kesho.